TUNGAMO, KAWI NA NISHATI: TAHAKIKI YA SENTENSI MOJA YA FIZIKIA KATIKA KISWAHILI

Mjadala wa istilahi za sayansi katika Kiswahili umezoea kuhesabu. Huulizwa ni maneno mangapi yaliyokwisha sanifiwa, ni mangapi yangali yakingoja, na ni lugha ipi iliyokopwa zaidi kuliko nyingine. Hesabu hizo zina manufaa yake. Bila ya hizo ingekuwa vigumu kupima kazi ya Baraza la Kiswahili la Taifa lililoundwa Tanzania mwaka 1967, au ile ya Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili iliyotoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990. Lakini mwanafunzi hasomi istilahi, husoma sentensi. Istilahi iliyoonekana njema ilipokuwa peke yake katika safu ya kamusi yaweza kusema uongo mara itiwapo ndani ya sentensi.

Sentensi inayohakikiwa hapa ni hii: "Uzito wa chembe huongezeka kadiri kasi yake inavyokaribia kasi ya nuru." Haina mwandishi mmoja. Ni tafsiri ya kauli iliyoenea kwa miaka mingi katika vitabu vya Kiingereza vilivyoeleza nadharia ya uhusianifu ya Albert Einstein ya mwaka 1905, na ndiyo inayomjia ulimini kila Mswahili anayejaribu kulieleza jambo hilo kwa watu wasio wanafizikia. Sarufi yake haina kasoro. Msomaji huielewa papo hapo, na hilo ndilo tatizo lake, kwa kuwa anachokielewa sicho.

Yafaa kuanza na neno uzito, na pa kuanzia pawe mbali na maabara. Kisegi ni mahali katika ukanda wa Ziwa Victoria zinakokutana pande za Homa Bay na Migori, nchini Kenya. Wenyeji wa ukanda huo ni Waluo na Wasuba; Kiswahili kwao ni lugha ya shule, ya soko na ya safari, na fizikia ya sekondari hufundishwa kwa Kiingereza. Ufuoni mwa ziwa hilo uzito si dhana ya vitabuni. Mbuta hutundikwa kwenye ndoana ya mizani na bei yake hutoka kwenye mshale. Omena, kwa upande wake, aghalabu hupimwa kwa gorogoro, yaani kwa ujazo, na kila mnunuzi ajua kwamba gorogoro la omena waliokauka si sawa na gorogoro la omena wabichi. Katika Dholuo neno pek hubeba maana ya uzito huo huo wa mzigo unaoelemea bega. Mtoto wa Kisegi aambiwapo kwamba uzito wa chembe huongezeka kwa sababu ya mwendo, picha anayoipata ni ya mbuta anayezidi kuivuta ndoana kadiri mtumbwi unavyokwenda mbio. Hawezi kulaumiwa. Ndivyo sentensi inavyosema.

Katika fizikia uzito ni kani ya mvuto inayokishusha kitu chini. Mbuta yule yule akipelekwa mwezini atakuwa na takriban sehemu moja ya sita ya uzito wake wa duniani, wala nyama yake haitapungua hata kidogo. Kile kisichopungua ndicho ambacho wanafizikia hukitafuta katika hesabu zao, nacho sicho kinachotajwa na neno uzito. Licha ya hayo, umbo la neno lenyewe linachangia kupotosha. Uzito ni u- ya hali iliyowekwa mbele ya kivumishi -zito, kama urefu, ukali na upana. Maneno ya umbo hili hutaja sifa zenye viwango: kitu huwa kizito, kikawa kizito zaidi, kisha kikawa chepesi. Kitenzi "huongezeka" kikiwekwa baada ya uzito hakimshtui mtu yeyote, kwa kuwa uzito katika Kiswahili umezoea kuongezeka na kupungua. Mtafsiri amevutwa na ulaini wa lugha.

Waandishi makini wameliona kosa hili na wakajaribu kulirekebisha kwa kubadilisha neno moja: pahali pa uzito hutiwa masi au tungamo. Je, marekebisho hayo yanatosha?

Masi ni mkopo, na wanaoutetea wana hoja. Neno geni, husema, halina historia katika akili ya msomaji, basi halitamdanganya. Hoja hii ina kweli nusu. Neno lisilo na historia halidanganyi, lakini pia halifundishi. Hubaki kama mlango wa jirani ambao mtu huupita kila siku bila kujua ndani mna nini. Zaidi ya hayo masi huingia katika ngeli ya I-ZI, ambamo nomino yenyewe haionyeshi umoja wala wingi. Mtu akiandika "masi ya chembe" haijulikani kama ni kipimo kimoja cha chembe moja au vipimo vya chembe nyingi mpaka viambishi vya mbele viseme. Hilo ni dogo. Kubwa zaidi ni kwamba "masi ya chembe huongezeka" ni sentensi ile ile ya awali iliyovishwa kanzu ya kigeni.

Tungamo ni habari nyingine, na linastahili kukaliwa kitako. Asili yake ni kitenzi tungama: damu hutungama, mafuta hutungama yakipoa. Nyuma ya tungama kuna tunga, kwa maana ya kukusanya au kuunganisha vitu vikawa kimoja. Shanga hutungwa, na jipu hutunga usaha. Kilichoongezwa ni kiambishi -am-, kile cha kauli ya kutendama. Kauli hiyo haizalishi tena katika Kiswahili cha leo kama zizalishavyo kauli za kutendea na kutendesha, lakini alama zake zingalipo: inama, simama, kwama, gandama. Katika vitenzi hivi vyote mna wazo la kufikia hali fulani na kudumu ndani yake. Aliyesimama hasogei, kilichokwama hakitoki, kilichogandama hakibanduki. Mwishoni imewekwa -o ya matokeo, kama katika tendo na zao. Tungamo basi ni kile kilichokusanyika, kikatulia, kikabaki.

Hapa ndipo mhakiki anapokutana na jambo ambalo huenda walioliteua neno hili hawakulikusudia. Wazo la utulivu, ambalo vitabu vya Kiingereza vililazimika kuliongeza kwa neno la pili kila vilipotaka kutofautisha kipimo cha chembe iliyotulia na kile cha chembe iendayo, Kiswahili kinalo tayari ndani ya kiambishi. Kusema "tungamo tuli" ni kurudia. Kusema "tungamo la mwendo" ni kujipinga, sawa na kusema kusimama kwa kukimbia.

Bila shaka litatolewa pingamizi kwamba etimolojia haiifungi istilahi. Atomu, kwa Kigiriki, ni kisichogawanyika, nayo imegawanywa bila ya neno kulalamika. Pingamizi hilo ni la haki, na kama fizikia yenyewe ingehitaji tungamo linaloongezeka kwa mwendo, basi neno lingepaswa kunyamaza. Inabidi kwa hiyo kuiuliza fizikia.

Protoni iliyotulia ina nishati ya elektronivolti milioni 938. Katika mtambo wa kugonganisha protoni wa CERN, uliojengwa chini ya ardhi kwenye mpaka wa Uswisi na Ufaransa, wenye mzingo wa kilomita 27, kila protoni ilifikishwa kwenye elektronivolti trilioni 6.8 kuanzia mwaka 2022. Yaani zaidi ya mara 7,200 ya nishati yake ya utulivu. Kasi yake hapo hupungukiwa na kasi ya nuru, ambayo ni mita 299,792,458 kwa sekunde, kwa chini ya mita 3 kwa sekunde. Kati ya mwaka 2015 na 2018 mtambo huo huo ulifanya kazi kwa trilioni 6.5. Nyongeza ile ya elektronivolti bilioni 300 kwa kila protoni iliizidishia kasi kwa chini ya sentimita 30 kwa sekunde, mwendo wa mtoto anayetambaa.

Nishati hiyo yote imekwenda wapi? Jibu la zamani lilikuwa kwamba imegeuka kuwa uzito: chembe imekuwa nzito mno, ndiyo maana haiongezi kasi. Jibu hili lilikuwa na sababu zake za kihistoria. Walter Kaufmann, alipopima mikengeuko ya elektroni ziendazo kasi kuanzia mwaka 1901, aliona kwamba zinakaidi kusukumwa kuliko ilivyotarajiwa, na wataalamu wa wakati huo hawakuwa na neno lingine la ukaidi wa kitu ila lile la tungamo. Lakini walipolitumia lilizaa pacha. Hendrik Lorentz, mwaka 1904, alilazimika kuwa na matungamo mawili: moja la kitu kinaposukumwa ubavuni, jingine la kitu kinaposukumwa kwa mbele. Kwa protoni ya CERN la kwanza ni mara 7,200 na kitu; la pili ni takriban mara bilioni 380. Mwenye kushikilia sentensi inayohakikiwa na atuambie ni uzito upi kati ya hiyo miwili ulioongezeka. Mbuta hana uzito wa ubavuni na uzito wa mbele.

Fizikia ya leo imeuacha mtego huu. Kinachoongezeka kadiri kasi inavyokaribia ile ya nuru ni nishati, na pamoja nayo momenta, yaani kile kipimo cha mwendo ambacho kwa kasi ndogo ni zao la tungamo na kasi. Viwili hivi hupanda bila kikomo. Tungamo halipandi. Ukichukua mraba wa nishati ukautolea mraba wa zao la momenta na kasi ya nuru, kinachobaki ni kile kile kwa kila mtazamaji, awe amesimama kando ya mtambo au anasafiri sambamba na protoni; na kinachobaki hicho ndicho tungamo, likizidishwa kwa mraba wa kasi ya nuru na zao hilo likainuliwa tena kwenye mraba. Einstein mwenyewe, katika barua yake ya mwaka 1948 kwa Lincoln Barnett, alishauri kwamba si vizuri kuingiza dhana ya tungamo linaloongezeka, kwani haiwezi kufafanuliwa wazi, na kwamba ni afadhali kutaja momenta na nishati. Lev Okun aliirudia hoja hiyo kwa kirefu mwaka 1989 na akaipigania. Hata hivyo kauli ya zamani haikufa. Wapo walimu wazuri wanaoipenda kwa wepesi wake, na si kosa la hesabu kuitumia mtu akijua anachokifanya. Ila mwanafunzi hajui.

Kuna hadhari moja ambayo mtetezi wa tungamo hana budi kuiweka. Kusema kwamba tungamo haliongezeki kwa mwendo wa kitu kizima hakumaanishi kwamba halibadiliki kabisa. Sufuria ya maji ya moto ina tungamo kubwa kidogo kuliko ilivyokuwa kabla ya kuinjikwa, ingawa hakuna mizani ya jikoni itakayolionyesha ongezeko hilo. Molekuli zinakwenda mbio zaidi, lakini sufuria yenyewe imetulia mafigani. Nishati imeingia, ikabaki ndani. Protoni nayo ni sufuria ya namna hiyo. Kwaki zilizomo ndani yake, zikihesabiwa tungamo la kila moja, hazifiki hata sehemu chache katika mia ya tungamo la protoni nzima. Karibu yote iliyobaki ni nishati ya mwendo na ya mvutano wa vitu vilivyofungiwa pamoja. Nishati imekusanyika, ikatulia, ikabaki. Ni nadra istilahi iliyoundwa kwa ajili ya kamusi ikaangukia penye kweli kiasi hiki, na ingekuwa hasara kubwa kuitia katika sentensi inayoinyang'anya maana yake ili tu kufuata kauli ambayo wenye lugha iliyotafsiriwa wamekwisha kuitupa.

Kwa upande wa kasi hakuna mengi ya kusema. Mwendokasi lilikuwa neno zuri la kitaaluma mpaka mwaka 2016, wakazi wa Dar es Salaam walipoanza kuliita hivyo basi lao. Tangu hapo ni shida kuwaambia wanafunzi wa jiji hilo kwamba mwendokasi wa elektroni umekaribia ule wa nuru bila darasa kucheka.

Ugumu hasa uko upande wa pili wa mlinganyo. Kwa nishati Kiswahili hakikupungukiwa na maneno. Kina mengi kupita kiasi. Nguvu hubeba mizigo yote: nguvu za mkono, nguvu za umeme, nguvu za sheria, nguvu za atomu. Katika mazungumzo si neno la kukosolewa, lakini katika fizikia hufuta mipaka kati ya kinachosukuma, kazi iliyofanyika, na upesi wa kuifanya. Dholuo nayo ina teko, ambalo limezoea kubeba mizigo hiyo hiyo, kwa hiyo mtoto wa Kisegi akihama kutoka teko kwenda nguvu hapati faida yoyote ya kuhama. Wataalamu walifanya vyema kulitenga kani, neno la kale lenye maana ya nguvu na ya ukaidi pia, wakalipa kazi ya kile kinachosukuma au kuvuta. Kwa kile kinachohifadhiwa, kinachohama na kubadilika sura, Tanzania ilishika nishati, na Kenya ikashika kawi. Wizara ya Nishati iko Dodoma. Wizara ya Kawi iko Nairobi. Yote mawili ni ya asili ya Kiarabu. La kwanza latokana na wazo la uchangamfu na la pili latokana na wazo la nguvu, na kwa kigezo cha maana nishati lina fadhila, kwa sababu kawi inamrudisha msomaji karibu na nguvu ambako alikuwa anatolewa.

Lakini lugha haiamuliwi kwa fadhila peke yake. Mtu akitoka Kisegi akaelekea kusini kupitia Migori atafika Isebania, na ng'ambo ya barabara ni Sirari, Tanzania. Hapo kawi hugeuka kuwa nishati, kama mbuta anavyogeuka kuwa sangara na omena wanavyogeuka kuwa dagaa. Kwa samaki hapana hasara, maana mnunuzi anamwona. Nishati ya protoni haionekani. Msomaji hana ila neno. Akisoma kitabu cha Dodoma kwamba tungamo ni nishati, kisha akasikia kwenye redio ya Nairobi juu ya kawi, ana haki ya kudhani kwamba ameambiwa mambo mawili. Vyombo vya istilahi vya nchi hizi vimeshughulika sana na Kiingereza, na kidogo mno vimeshughulika vyenyewe kwa vyenyewe.

Kenya imewahi kuwa karibu na jambo hili kuliko inavyokumbukwa. Tarehe 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa la San Marco lililosimamishwa baharini katika ghuba ya Ngwana, karibu na Malindi, setilaiti ya Marekani ilirushwa kwa roketi iliyoitwa Scout. Ilikuwa ya kwanza kutengwa kwa ajili ya kuchunguza eksirei zitokazo angani. Kwa kuwa siku hiyo Kenya ilitimiza miaka 7 ya kujitawala, ilipewa jina Uhuru. Orodha yake ya nne, iliyochapishwa mwaka 1978, ina vyanzo 339 vya eksirei, na kila kimoja kimeandikwa kwa alama ya 4U, U hiyo ikiwa ya Uhuru. Hata kipimo cha ukali wa eksirei kiliitwa kwa jina hilo. Wanaastronomia ambao hawajapata kusikia sentensi moja ya Kiswahili wameandika herufi ile maelfu ya mara bila kujua kwamba ni kiambishi cha hali, ndugu wa u- ya uzito.

Miongoni mwa vyanzo hivyo mna wingu la Kaa, mabaki ya nyota iliyoonekana ikilipuka mwaka 1054. Eksirei zake hutolewa na elektroni ziendazo kasi iliyo karibu kabisa na ile ya nuru, zikizungushwa na uga wa sumaku na kuangaza kila zinapokengeuka. Hiyo ndiyo habari yenyewe ya chembe na mwendo, nayo ilipokelewa na chombo chenye jina la Kiswahili kilichotoka katika pwani ya Waswahili. Lakini Mswahili aliyetaka kuieleza angeishia kusema kwamba elektroni za Kaa zimekuwa nzito. Kiswahili kilitoa jina la chombo, kisitoe sentensi ya kile chombo kilichokiona.

Sentensi hiyo yawezekana kuandikwa, na haihitaji neno jipya hata moja. Upande wa Sirari ingesomeka hivi: "Kadiri kasi ya elektroni inavyokaribia kasi ya nuru, nishati yake na momenta yake huongezeka bila kikomo, tungamo lake ni lile lile." Upande wa Isebania neno moja tu lingebadilika: "Kadiri kasi ya elektroni inavyokaribia kasi ya nuru, kawi yake na momenta yake huongezeka bila kikomo, tungamo lake ni lile lile." Kitabu kitakachosomwa Kisegi kitalazimika kuchagua mojawapo, na hadi vyombo vya pande zote mbili vikutane, mchapaji ndiye atakayeamua.